Mandhari yenye nuru kwa rangi za maji: kumimina, au tabaka juu ya tabaka?

Sebuleni kwangu, hapa Tanga, nimetundika picha mbili za sehemu moja. Zote zinaonyesha tambarare unayoiona ukisimama kwenye jabali la Irente, Lushoto, saa kumi na mbili jioni: jua linakaribia kuzama, vumbi jepesi limetanda upande wa Mazinde, na mbavu za Usambara zinashuka moja baada ya nyingine mpaka chini. Karatasi ni ya aina moja. Rangi ni zilezile tatu, njano, waridi na buluu. Zinatofautiana kwa namna rangi ilivyofika kwenye karatasi. Moja niliimimina kutoka vikombeni, nyingine niliijenga kwa brashi, tabaka jembamba juu ya jingine.

Nilizichora kwa sababu ya mpwa wangu, mtoto wa kaka yangu, anayesoma Dodoma. Alinipigia simu: "Shikamoo shangazi. Nimeona watu wanamimina rangi za maji, halafu picha inawaka kama ina taa ndani. Nianze na hiyo au nianze na brashi?" Nilikuwa na jibu la haraka mdomoni, nikalizuia. Nikaona nifanye zote mbili kwa mandhari moja, niangalie muda, karatasi iliyoharibika na matokeo, ndipo nimjibu. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyomwambia, pamoja na mengine ambayo simu haikutosha kuyasema.

Kinachowaka ni karatasi

Usipolishika jambo hili, njia zote mbili zitakuangusha. Rangi ya maji ni chembe laini zilizoshikwa na gundi ya mgunga. Ikitandazwa nyembamba, mwanga hupenya, hugonga weupe wa karatasi, kisha hurudi machoni mwako ukiwa umechukua rangi njiani. Ukirundika rangi, au ukitumia rangi nzito isiyopitisha mwanga, umefunga dirisha.

Sisi wa huku inabidi tujizoeshe, maana wengi macho yetu yamelelewa na picha za Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kazi yake Dar es Salaam mwaka 1968, alipaka rangi za enameli, nzito na zisizopitisha mwanga, juu ya ubao mgumu. Kwa rangi ya namna hiyo, ukitaka jicho jeupe la ndege unaweka nukta nyeupe mwisho kabisa, juu ya rangi zote, na inakaa. Kwenye rangi za maji nyeupe haiwekwi, inaachwa. Unaamua mahali pake kabla brashi haijalowa.

Mwingereza Thomas Girtin alionyesha jambo hili mwaka 1800, alipochora mto Thames jioni pale Chelsea. Sehemu yote imepoa katika rangi za machweo, na ukingoni kuna nyumba moja ndogo nyeupe inayong'aa pamoja na kivuli chake majini. Ile nyumba ni karatasi tupu. Girtin alifariki miaka miwili baadaye akiwa na umri wa miaka 27, na picha hiyo imehifadhiwa katika jumba la sanaa la Tate, London. Nikimfundisha mtu mara ya kwanza namwambia aiangalie mpaka aelewe kuwa nyumba ile haikupakwa chochote.

Kwa hiyo swali la mpwa wangu ni swali la jinsi ya kuulinda ule weupe. Anayemimina huufunika kwa gundi ya mpira na kuacha maji yapite juu. Anayejenga tabaka huuzunguka kwa mkono.

Kumimina kulivyo

Unachora kwanza mistari kwa penseli, hafifu. Kisha unachukua gundi ya mpira ya majimaji, ile ambayo wachoraji huiita maski, na kufunika kila mahali patakapobaki peupe kabisa. Kwenye picha yangu palikuwa duara la jua na mkanda mwembamba wa mwanga kwenye upeo wa macho, basi. Maski ikikauka inakuwa kama ngozi ya mpira, haipitishi maji.

Kwenye vikombe vitatu vya kahawa nilikoroga rangi tatu, kila moja na kikombe chake. Kwa robo ya shiti kubwa ya karatasi nilikamua rangi kiasi cha punje ya maharage na kuongeza vijiko vitatu vya maji. Kwa mara ya kwanza iwe nyepesi kama chai ya rangi iliyochujwa vizuri. Nililowesha karatasi kwa chupa ya kupulizia, nikaweka ubao ndani ya sinia kubwa la pilau, nikamimina njano karibu na jua, waridi kando yake, buluu juu kwenye kona.

Hapo ndipo ninapopapenda. Ukiinamisha ubao polepole, njano inatambaa kama mafuta kwenye kikaango, inakutana na waridi, na mpakani panazaliwa rangi ya machungwa ambayo hukuikoroga wewe. Buluu inateremka, inaigusa waridi, inakuwa zambarau ya wingu la jioni. Hakuna alama ya brashi popote, kwa sababu hakuna brashi iliyogusa. Unainamisha kona moja, maji ya ziada yanachuruzika kwenye sinia, unalaza ubao, unaondoka. Ukibaki hapo utashawishika kuongeza, na rangi tatu zikikorogana mno huwa tope. Nami sijapata kuona tope likirudi kuwa anga.

Ikikauka kabisa, unafunika kwa maski tena: sehemu zote unazotaka zibaki na ule wepesi wa kwanza, yaani anga lote karibu na jua na vumbi la mbali. Unamimina tena, rangi ikiwa nzito kidogo. Inakauka. Unafunika milima ya katikati, unamimina mara ya tatu, safari hii rangi kama kahawa ya jioni, kwa ajili ya mbavu za karibu. Wakati huo karatasi inatisha kuitazama: imejaa vipande vya mpira, imechafuka, huoni picha. Inakauka usiku kucha. Asubuhi unasugua maski kwa kidole, inajiviringisha na kutoka, na mandhari yote inafunuka kwa mara moja.

J. M. W. Turner, rafiki wa Girtin na aliyezaliwa naye mwaka mmoja wa 1775, anakumbukwa kwa asubuhi moja ya mwaka 1818 katika nyumba ya Farnley Hall, Yorkshire. Mwenyeji wake, Walter Fawkes, alimwomba amchoree kitu cha kuonyesha ukubwa wa meli ya kivita. Kijana wa nyumba ile alikaa kumtazama, na baadaye alisimulia kwamba Turner alianza kwa kumimina rangi mpaka karatasi ikalowa chepechepe, akaikwangua na kuiparua, na kidogo kidogo meli ikatokeza. Kazi ilianza baada ya kifungua kinywa ikaisha kabla ya chakula cha mchana. Meli ile hakuimimina kwa utaratibu wa maski wa siku hizi, lakini kanuni ni hiyohiyo: maji kwanza, umbo baadaye.

Tabaka juu ya tabaka

Njia hii siielezi kwa urefu kwa kuwa hatua yake ni moja, inayorudiwa. Unakoroga rangi nyepesi sana, unapitisha brashi pana laini mara moja, unaacha ikauke, unapitisha nyingine. Njano kwanza karibu eneo lote, ukilizunguka jua. Kisha waridi kuanzia juu ya njano. Kisha buluu. Kila mbavu ya mlima inapata tabaka moja zaidi kuliko ile iliyo nyuma yake, na ndivyo umbali unavyojitokeza. Picha yangu ya Irente ilichukua matabaka tisa.

Ugumu wake uko kwenye neno "ikauke". Tabaka likiwa bado na unyevu, brashi ya pili inalinyanyua la chini na kuacha doa lenye kingo kama ua la koliflawa. Pima kwa mgongo wa mkono: karatasi ikiwa baridi, ndani bado ina maji, hata kama juu inaonekana kavu.

Turner huyohuyo, mwaka 1842, alichora mlima Rigi wa Uswisi alfajiri, picha inayojulikana kama The Blue Rigi. Ni kazi ya utulivu, buluu nyembamba zilizopandana, na mwanga juu ya maji ya ziwa aliupata kwa kukwangua karatasi. Ukubwa wake ni kama sentimita 30 kwa 45 tu. Mtu mmoja, njia mbili, na zote mbili zinawaka.

Ipi inawaka zaidi?

Nikiziangalia zikiwa sambamba, anga la picha iliyomiminwa ndilo linalonivuta kwanza. Rangi zimechanganyikia kwenye karatasi zikiwa bado zinaelea, kwa hiyo katika zambarau moja unaona waridi kidogo na buluu kidogo, na jicho halichoki. Brashi yangu haiwezi kufanya hivyo. Lakini milima kwenye picha ya matabaka ina hewa kati yake. Unahisi kilomita. Kwenye ile iliyomiminwa, kila mlima una ukingo mkali ulioachwa na maski, na ilibidi nizilainishe kingo hizo kwa brashi yenye maji, jambo ambalo halikufanikiwa kila mahali. Ukisogea karibu utaona mlima wa pili kutoka kulia umekatwa kama kwa mkasi.

Kwa hiyo kwa anga, ukungu, maji tulivu, mawingu ya masika yanayokuja kutoka baharini: kumimina. Kwa umbali, kwa vilima vinavyofuatana, kwa nyumba na mitumbwi yenye sehemu ndogondogo: tabaka. Kuna na njia ya tatu, ya kupaka kwa brashi juu ya karatasi mbichi na kumaliza kwa kikao kimoja, ila hiyo inataka mkono uliokwisha kukomaa.

Karatasi itakuamulia kabla ya wewe kuamua

Hapa nataka nikae, maana ndipo wanafunzi wengi wanapokata tamaa na kudhani hawana kipaji.

Kumimina kunahitaji karatasi ya pamba kwa asilimia 100, uzito usiopungua gramu 300 kwa mita ya mraba. Arches ya Ufaransa, Fabriano ya Italia na Saunders Waterford ya Uingereza zina karatasi za namna hiyo. Karatasi hizi zimetiwa gundi ndani na juu, inayozuia maji yasizame upesi na kuzuia maski isishikamane na nyuzi. Karatasi ya massa ya mti, yaani rojo la mbao, inajikunja, inatengeneza madimbwi katikati, na maski inaichuna.

Najua kwa kuwa yamenifika. Niliwahi kununua bloku la karatasi dukani, jalada limeandikwa pamba. Nikachora siku mbili, nikamimina mara tatu. Siku ya kuvua maski, kidole kilipofika kwenye ukingo wa mlima, mpira ulitoka na ngozi ya karatasi. Palibaki manyoya meupe yaliyokunywa kila rangi niliyojaribu kuweka. Siku hizi, kabla ya kuanza picha yoyote, nakata kipande cha kona, naweka tone la maski, naliacha mpaka kesho, ndipo navua. Ikichunika, karatasi hiyo ni ya mazoezi ya penseli.

Tabaka zinasamehe zaidi. Karatasi ya kawaida ya wanafunzi ya gramu 300 itakuvusha matabaka manne au matano kama mkono wako ni mwepesi. Hutapata mng'aro uleule, lakini utajifunza. Mtu ambaye shiti moja nzuri ni matumizi ya kufikiria mara mbili, na hao ndio wengi wetu, jambo hili peke yake linatosha kumwelekeza. Shiti kubwa ya sentimita 56 kwa 76 ukiikata vipande nane unapata picha nane ndogo za matabaka. Kumimina kwenye kipande cha namna hiyo ni tabu. Maji yanahitaji nafasi ya kutembea, kwa hiyo utapata nne, pengine mbili.

Hali ya hewa na mahali pa kazi

Mwezi wa Januari hapa Tanga, saa sita mchana, tabaka la brashi linakauka upande wa kushoto kabla sijafika kulia, na linaacha mistari. Kumimina hakujali joto hilo, maana maji ni mengi. Masika mambo yanageuka: karatasi iliyomiminwa imewahi kubaki na ubaridi tangu asubuhi mpaka baada ya alasiri, na ukiwa na haraka ukapaka maski juu ya unyevu, umeharibu. Msitumie mashine ya kukaushia nywele juu ya maski, wala msiianike juani. Joto linaioka, inagandamana na karatasi. Isikae zaidi ya siku moja au mbili.

Maski ina amonia, harufu yake ni kali; fungueni madirisha. Mwenye mzio wa mpira asiishike kwa mikono mitupu. Na msiipake kwa brashi nzuri. Chovya brashi kuukuu kwenye sabuni ya maji kwanza, ndipo uchovye maski, na uioshe kila baada ya dakika chache.

Vifaa vya matabaka vinaingia kwenye mkoba. Nimevitumia kwenye baraza, ndani ya basi lililoharibika Segera, na palepale Irente nikiwa nimekaa juu ya jiwe. Kumimina kunataka meza, sinia, beseni, matambara, na mahali ambapo watoto hawapiti. Mpwa wangu anakaa chumba kimoja na wenzake wawili.

Rangi zipi

Kwa njia zote mbili nunua chache, zinazopitisha mwanga, na usome namba ndogo ya chembe za rangi nyuma ya tyubu badala ya jina la mbele, maana jina kila kiwanda hujipangia. Mimi natumia waridi yenye PV19, buluu yenye PB15, na njano yenye PY150. Zote tatu zinapitisha mwanga na hazipauki kirahisi.

Miongozo mingi ya zamani ya kumimina inasifu njano ya PY40 na nyekundu ya PR83. Ziacheni. Ya kwanza hubadilika kuwa ya kijivu au kahawia, ya pili hupauka zikiwekwa kwenye mwanga, na picha ya nuru inayozimika ukutani inauma sana. Njano na nyekundu za kadimiamu na njano ya udongo ni rangi nzuri, ila zina uzito. Tabaka moja la chini linavumilika, lakini ukizimimina na nyingine zinaleta utusitusi.

Kuna jambo moja linalotenganisha njia hizi kwenye rangi. Buluu ya PB15 inazama kwenye karatasi na haitoki tena. Kwenye matabaka hiyo ni faida, kwa kuwa tabaka la chini halinyanyuki. Kwenye kumimina, ikiteleza ikaingia kwenye njano ya jua, maji yakimwagika hayazoleki. Anayeanza kumimina atumie buluu ya kobalti, PB28, ingawa bei yake iko juu. Hiyo ukiwahi na brashi yenye maji safi, inakubali kutoka.

Nilichomwambia

Wengi husema kumimina ni rahisi kwa asiyejua kuchora, kwa kuwa maji yanafanya kazi yenyewe. Sikubaliani nao. Kumimina kunakulazimisha kujua viwango vyako vyote vya mwanga na giza kabla ya kuanza: kipi kitabaki cheupe, kipi kitaishia mara ya kwanza, kipi mara ya pili. Ukikosea kufunika, huoni kosa mpaka siku ya kuvua. Matabaka yanakuonyesha kosa likiwa bado changa, na unaweza kusimama hapo hapo.

Kwa hiyo nilimwambia aanze na matabaka, picha sita ndogo, zote kwa rangi mbili tu, waridi na buluu, mandhari yenye safu tatu za umbali. Asiongeze njano mpaka mtu aliyesimama mlangoni aweze kumwambia safu ipi iko mbele. Baada ya hapo anunue shiti moja ya pamba na chupa ndogo ya maski, aje likizo tumimine pamoja kwenye sinia langu.

Isipokuwa kwa mtu wa aina moja. Kama unajijua huwezi kuacha picha, unarudi kuigusa, unaongeza kidogo hapa na kidogo pale mpaka inachoka, basi anza na kumimina hata kama utapoteza karatasi mbili. Sinia litakunyang'anya brashi kwa saa nzima, na ukirudi utakuta anga ambalo hukupata nafasi ya kuliharibu. Nilikuwa na mwanafunzi wa namna hiyo, mama mtu mzima, mwalimu mstaafu. Miezi mitatu ya matabaka ilimtoa machozi. Siku ya kwanza kumimina, aliinamisha ubao mara mbili, akauweka chini, akaenda kukaa ukumbini na mikono yake mapajani.

Mpwa wangu amefika picha ya nne. Jana alinitumia: kilima cha Dodoma chenye mawe, waridi na buluu tu. Safu ya nyuma imeingia mbele kidogo upande wa kushoto, nimemwambia aongeze maji. Jua ameliacha jeupe.